Je, Wajua? Ndege Inayosoma Mawe kwa Mwanga Uliomezwa

Kiswahili huzipa rangi majina ya vitu. Manjano ilikuwa bizari kabla haijawa rangi. Kahawia imetoka kwenye kahawa, kijivu kwenye jivu, kijani kwenye jani, na zambarau kwenye lile tunda linaloacha doa ulimini siku nzima. Wauza vitambaa wanayo hata damu ya mzee. Kwa hiyo msemaji wa lugha hii hutoka kwenye kitu akafika kwenye rangi bila kusumbuka. Njia ya kurudi ndiyo yenye kazi. Panga mezani visahani vinne: cha chumvi, cha sukari iliyosagwa, cha unga wa muhogo na cha chokaa. Kisha rudi nyuma hadi mlangoni. Vyote ni vyeupe. Kipi ni cha kutia kwenye uji?

Kuna kamera inayoweza kulijibu swali hilo bila kuonja wala kunusa, na kazi hiyo huifanya ikiwa ndani ya ndege.

Mabonde kwenye mstari

Je, wajua kwamba jicho lako lina aina tatu tu za vipokezi vya rangi? Kila rangi uliyowahi kuiona, ubongo umeipika kwa viungo hivyo vitatu. Kamera iitwayo AVIRIS, iliyotengenezwa na maabara ya NASA ya Jet Propulsion Laboratory huko Pasadena, California, ina vipokezi vya aina 224. Huupasua mwanga unaorudi kutoka ardhini ukawa vipande vyembamba, kila kimoja cha upana wa karibu nanomita 10, kuanzia nanomita 400 hadi 2,500. Jicho letu hukomea kwenye 700 hivi. Zaidi ya robo tatu ya kinachosomwa na kamera hii, sisi hatukuumbiwa kukiona. Wataalamu huuita upigaji picha huu haipaspektra, neno zito kwa jambo ambalo kwa asili yake ni jepesi.

Jambo lenyewe ni kwamba kamera husoma upungufu. Jua huimwagia ardhi mwanga wa kila namna. Kitu humeza baadhi na kurudisha uliobaki. Ukiuchora mwanga uliorudi kama mstari kwenye karatasi, mstari hupanda na kushuka, na kila palipomezwa mwanga pana bonde. Vifungo vinavyoshikanisha atomi ndani ya kitu hutikisika kwa mapigo yake maalumu, na mwanga wenye mapigo hayohayo ndio unaoliwa. Kwa hiyo mahali lilipo bonde, upana wake na umbo lake hutegemea jinsi kitu kilivyoundwa.

Jiwe la chokaa lina bonde karibu na nanomita 2,340. Ulanga unalo lake karibu na 2,200. Kaolini, udongo mweupe kama ule wa vilima vya Pugu nje ya Dar es Salaam, ina mabonde mawili yaliyobanana, moja karibu na 2,165 na jingine karibu na 2,205, kama alama ya meno mawili ya mtoto kwenye embe. Kutu ya chuma huuma upande mwingine kabisa, kabla ya 1,000. Jani bichi hula buluu na nyekundu kwa pupa, likifika 700 linaacha kula ghafla na kuurudisha mwanga kwa wingi, kiasi kwamba kama tungekuwa tunaiona miale ya infraredi, shamba la mihogo lingetuumiza macho.

Hewa nayo inakula. Mvuke wa maji ulio angani humeza karibu mwanga wote wa kuzunguka nanomita 1,400 na 1,900. Kurasa hizo wachambuzi huzipita bila kuzisoma, maana hazina kitu.

Vipimajoto vya mwanamuziki

Mlango wa nuru isiyoonekana ulifunguliwa mwaka 1800 na William Herschel, mwanamuziki aliyegeuka mtazama nyota. Aliupitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembetatu, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kipimajoto kilichopanda kuliko vyote kilikuwa nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho liliona giza tupu.

Miaka 68 baadaye, jua lilipopatwa, Mfaransa Jules Janssen akiwa India aliona ndani ya mwanga wake mstari wa manjano. Huko Uingereza Norman Lockyer naye aliuona mwaka huohuo, na mwishowe ikaonekana kwamba hakuna kitu chochote kilichojulikana duniani kinachotoa mstari ule. Kitu hicho kikapewa jina la jua kwa Kigiriki: heliamu. Haikushikwa duniani hadi 1895, mikononi mwa William Ramsay. Yaani binadamu aliitambua gesi iliyo umbali wa kilomita milioni 150 kabla hajajua kwamba anayo chini ya miguu yake. Ni gesi hiyohiyo inayotafutwa sasa kwa mitambo kwenye bonde la Rukwa, Tanzania.

Kuipandisha hila hii ya kukitambua kitu kwa mwanga wake kwenye ndege kulingoja miaka ya 1980. Alexander Goetz na wenzake wa Pasadena walirusha kamera yao ya kwanza juu ya Cuprite, jangwa la Nevada lililojaa mawe yaliyoungua kwa maji moto ya kale. Kamera ikataja buddingtoniti, madini yenye amoniamu ambayo kwa macho hayana lolote la kuyatofautisha na mawe jirani. Wajiolojia walikuwa wamelitembea jangwa lile wasijue kuwa yamo. AVIRIS ilifuata mwaka 1987, ikapanda ndege iitwayo ER-2, binamu wa ndege maarufu ya kijasusi ya U-2. Ndege hiyo huruka kilomita 20 juu, karibu mara mbili ya kimo cha ndege za abiria, na rubani wake huvaa suti kama ya mwanaanga. Kutoka kimo hicho, kila nukta ya picha hufunika ardhi ya mita 20 kwa 20, na kila nukta huja na mstari wake mzima wenye vipimo 224.

Dhahabu ni bubu

Si kila king'aacho ni dhahabu, na kwa kamera hii dhahabu yenyewe haing'ai. Haina bonde la kutambulika ndani ya upeo huu wa mwanga, tena ni chache mno. Mwamba wenye gramu tano za dhahabu kwa tani ni mwamba ambao mchimbaji ataufurahia, lakini gramu tano ndani ya tani hazitaonekana kutoka popote. Chumvi safi nayo ni bubu vilevile. Kwenye vile visahani vinne, ingejulikana kwa kukaa kimya wakati wenzake wanataja majina yao.

Basi watafuta dhahabu hufanya kama mrina asali anayefuata nyuki. Mara nyingi dhahabu na shaba hupandishwa na maji ya moto yenye tindikali kutoka chini, na maji hayo huacha mwamba umepikwa ukageuka: kaolini hapa, aluniti pale, ulanga wa aina fulani kando. Hao ndio nyuki. Ndege huchora ramani ya mawe yaliyopikwa, na mwenye leseni huenda kuchimba palipo na kitovu cha jiko.

Mavazi ya kazini

Je, wajua kwamba anayepima mwanga wa mawe kwa mkono, ili ramani ya ndege ipate ushahidi wa ardhini, hutakiwa kuvaa nguo za rangi ya giza? Shati jeupe au jekundu huutupa mwanga wake juu ya jiwe linalopimwa, na jiwe likarudisha habari za shati. Hubeba pia kibao cheupe pepe na kukipima kila baada ya muda, apate kujua jua lenyewe linatoa nini saa ile. Wingu likipita, anaanza upya.

Mlima unaopata kutu kwa mpangilio

Leadville ni mji wa Colorado ulio zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Dhahabu ilianza kuchimbwa katika eneo hilo mwaka 1860, ikafuata fedha, halafu risasi, ile metali iliyoupa mji jina. Wachimbaji walichukua walichotaka na kuacha vilima vya mabaki kila mahali. Ndani ya mabaki kulikuwa na pairiti, madini ya manjano ambayo wageni wa migodi huyafananisha na dhahabu. Pairiti ikipata mvua na hewa hutoa tindikali. Tindikali huyeyusha risasi, kadmiamu na zinki. Na mvua huvipeleka vyote kwenye vijito vinavyoingia mto Arkansas.

Serikali ya Marekani ilitaka kusafisha, lakini vilima vilikuwa vingi mno. Si kila kilima kina sumu. Kilima chenye rangi ya kutu chaweza kuwa hakina madhara, na jirani yake mwenye rangi ileile akawa ndiye muuaji. Kuchukua sampuli za kila kimoja na kuzipeleka maabara kungekula miaka.

Mwaka 1995 AVIRIS ilipita juu. Gregg Swayze, Roger Clark na wenzao wa idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, walijua siri moja: pairiti haipati kutu ovyo. Panapotoka tindikali kali hujengeka jarositi, madini ya manjano yanayopenda ukali huo. Tindikali inapopungua, kutu huwa ya aina nyingine, goethiti, na mbali zaidi hutokea hematiti nyekundu. Kwa macho yote haya ni kahawia na manjano yaliyochanganyika. Kwa kamera kila moja ina bonde lake. Ramani ikatoka ikiwa na vidoa vyenye duara kuzunguka duara, kama shabaha za kulengea mishale, na katikati ya kila shabaha palikuwa na jarositi. Wasafishaji wakajua pa kuanzia.

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria kwamba ramani hiyo iliharakisha kazi kwa miaka miwili na kuokoa zaidi ya dola milioni 2 za uchunguzi. Mimi kinachonivutia ni kitu kingine: kutu, ambayo kila mtu huiona kuwa ni uharibifu usio na adabu, ina mpangilio wa foleni ya benki.

Vumbi la Manhattan

Septemba 11, 2001 minara miwili ya New York iliporomoka, na vumbi lake likafunika upande wa kusini wa Manhattan. Swali la kila mkazi lilikuwa moja: tunavuta nini? Hasa asbesto, nyuzi za madini zilizotumiwa zamani kukinga chuma dhidi ya moto, ambazo zikiingia mapafuni huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye.

Safari hii AVIRIS ilipakiwa kwenye ndege ndogo ya Twin Otter, maana ER-2 ingekuwa juu mno. Iliruka tarehe 16, 18, 22 na 23 Septemba, na kwa kuwa ilikuwa chini, nukta za picha zilikuwa za mita chache tu badala ya 20. Jioni za tarehe 17 na 18, watu wawili wa USGS walizunguka mitaa wakichota vumbi kwenye sehemu zaidi ya 35. Roger Clark, yuleyule wa Leadville, alikuwa miongoni mwa viongozi wa uchambuzi.

Jambo la kwanza kutoka halikuwa vumbi bali moto. Kitu cha moto sana hutoa mwanga wake chenyewe katika ile sehemu ya mwisho tusiyoiona, na kamera iliyotengenezwa kusoma mawe ikajikuta inasoma makaa. Picha za tarehe 16 zilionyesha madoa mengi ya moto ndani ya kifusi, mengi yakiwa na zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi na baadhi yakivuka 700. Habari hizo zilipelekwa kwa waokoaji. Kufikia tarehe 23 mengi yalikuwa yamepoa.

Kisha vumbi. Lilikuwa jengo zima lililosagwa: jasi ya kuta, saruji, nyuzi za kioo za kuzuia joto. Asbesto ya aina ya krisotili ilionekana kwa kiasi kidogo kwenye sampuli nyingi, lakini utandu uliochunwa kwenye mhimili mmoja wa chuma ulikuwa na hadi asilimia 20 yake. Ramani ya ndege ilionyesha kwamba vumbi halikutandazwa sawasawa. Mtaa huu ulipata mchanganyiko huu, ule ukapata mwingine. Na kilichowashtua wengi hakikuwa asbesto. Vumbi likichanganywa na maji lilichoma. Saruji ikisagwa unga hurudia tabia ya chokaa, na vumbi la ndani ya jumba moja, ambalo mvua haikulifikia, lilikuwa na pH ya zaidi ya 11, karibu na amonia ya kusafishia vyoo. Fundi mwashi yeyote aliyewahi kuchanganya saruji kwa mikono mitupu angeweza kuwaambia hivyo mapema, lakini hakuna aliyemwuliza.

Kamera haikuponya kifua cha mtu. Wafanyakazi wengi wa kifusi kile waliugua kwa miaka. Ila tangu hapo hakuna tena aliyeiona kama chombo cha watafuta madini pekee.

Paa linalojitaja

Italia ilipiga marufuku asbesto mwaka 1992, lakini marufuku hayapandi juu ya paa na kuliondoa. Wataalamu wa huko walitumia kamera ya ndege iitwayo MIVIS, yenye vipimo 102, kutafuta paa za saruji na asbesto kati ya maelfu ya paa za vigae na mabati. Afrika Mashariki nayo inazo paa hizi kwenye majengo ya zamani, shule na nyumba za watumishi zikiwemo. Kijivu chake kinafanana na kijivu cha saruji yoyote iliyochakaa. Tatizo la kamera hapa ni ukungu wa mimea: paa kuukuu likiota kuvu na majani madogo, ndege husoma kuvu.

Shamba linalovunwa kila siku tangu 1992

Tarehe 12 Juni 1992 AVIRIS ilipiga picha kipande cha mashamba magharibi mwa Indiana, Marekani, kiitwacho Indian Pines. Picha ni ndogo: nukta 145 kwa 145, karibu kilomita tatu kila upande. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue waliandika karibu nusu ya nukta hizo ni za nini, wakapata makundi 16, kisha wakaitoa bure. Tangu hapo, karibu kila mwanafunzi duniani anayebuni programu ya kutambua vitu kwa haipaspektra huijaribu kwenye picha hii. Mahindi yale yametambuliwa mara elfu kadhaa, na bado hayajakomaa.

Na hapo ndipo penye kichekesho. Ilikuwa Juni mwanzoni. Mahindi na soya vilikuwa ndiyo kwanza vinachipua, majani yakifunika chini ya asilimia 5 ya ardhi. Kompyuta inaambiwa itenganishe shamba la mahindi na la soya wakati yote mawili karibu ni udongo mtupu. Kundi dogo kuliko yote ni oti, nafaka ya uji wa Ulaya: nukta 20 tu, ambazo ni kama ekari mbili. Mkulima mmoja alipanda ekari mbili za oti, na kwa miaka zaidi ya thelathini wasomi wa mabara yote wamekuwa wakikosa usingizi kwa sababu programu zao haziioni.

Kijani cha uongo

Katika Vita Kuu ya Pili wanajeshi walificha mizinga kwa rangi ya kijani na matawi yaliyokatwa. Jicho lilidanganyika. Filamu maalumu ya infraredi haikudanganyika, kwa sababu rangi ya kopo hairudishi mwanga ule ambao jani hai huurudisha kwa wingi, na tawi lililokatwa huanza kupoteza sifa hiyo linaponyauka. Kwenye picha mimea hai ilitokea nyekundu, maficho yakabaki na rangi nyingine.

Haipaspektra imeipeleka hila hiyo mbali. Maji yaliyo ndani ya majani yana mabonde yake, karibu na nanomita 970 na 1,200, na kina chake hueleza mti una maji kiasi gani. Mwaka 2015, California ikiwa katika ukame mkali, ndege ya mtafiti Greg Asner na wenzake ilipita juu ya misitu iliyokuwa bado kijani kwa mtazamaji wa kawaida. Hesabu yao: miti mikubwa hadi milioni 58 ilikuwa imepoteza maji kwa kiwango cha hatari. Kufikia mwisho wa 2017 idara ya misitu ya Marekani ilikuwa imehesabu miti milioni 129 iliyokufa katika jimbo hilo tangu 2010.

Kwa ufupi

Nchi ya kwanza kuchorwa karibu yote kwa njia hii ni Afghanistan. Mwaka 2007, vita vikiendelea, ndege ilifanya safari 28 ndani ya siku 43 na kupiga picha zaidi ya asilimia 70 ya nchi. Milima ile mikavu isiyo na miti, ambayo ni mateso kwa mfugaji, kwa kamera ni kitabu kilichofunguliwa.

Gesi nayo ina mabonde. Mwishoni mwa Oktoba 2015 kisima cha gesi cha Aliso Canyon, karibu na Los Angeles, kilianza kuvuja methani, na hakikuzibwa hadi Februari 2016. Methani haina rangi, lakini karibu na nanomita 2,300 humeza mwanga, na AVIRIS ikauona moshi huo usioonekana ukipeperuka juu ya vilima.

Kamera za namna hii hutumika pia mezani. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani ilichunguza rasimu ya Azimio la Uhuru iliyoandikwa kwa mkono na Thomas Jefferson. Chini ya neno "citizens", raia, palikuwa na neno alilolifuta wino ungali mbichi: "subjects", watawaliwa wa mfalme.

Mlima wa Mungu na jina la Mwalimu

Oldoinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu, ulio kaskazini mwa Tanzania, ni volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kabonati ya sodiamu. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava ya kawaida, na hutiririka kama maji machafu ya mtaro. Inatoka nyeusi. Halafu inakutana na unyevu wa hewa, na ndani ya saa au siku chache inakuwa nyeupe, kwa sababu madini yake hayavumilii maji. Moja ya madini hayo linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Jingine ni gregoriiti, la John Walter Gregory, mjiolojia aliyelieleza Bonde la Ufa. Ukipiga picha leo na kurudi wiki ijayo, mlima utakutajia majina mengine. Uso wa kitu hubadilika, na kamera husoma uso tu, ngozi ya juu isiyofikia hata unene wa ukucha.

Volkano za jamii hiyo zilizokufa zamani zimeacha miamba ya kabonatiti, na mingi ina madini adimu ndani yake. Miongoni mwao ni neodimiamu, inayotumika kwenye sumaku za magari ya umeme. Neodimiamu ni msemaji mzuri kuliko wote niliowataja: humeza mwanga kwa mistari myembamba karibu na nanomita 580, 740 na 800, mikali kama iliyochorwa kwa wembe, na mwamba wenye madini hayo kwa wingi waweza kutambulika kutoka angani. Ndivyo ilivyo kwa Mountain Pass ya California, iliyo jangwani.

Ngualla, mkoani Songwe, ni kabonatiti. Panda Hill ya Mbeya ni kabonatiti. Na Mrima, kilima cha kaunti ya Kwale huko Kenya, nacho ni kabonatiti, chenye niobiamu na madini adimu ndani ya udongo uliooza kwa kina kirefu. Juu ya udongo huo umesimama msitu wa kaya ya Wadigo, uliolindwa kwa miiko vizazi na vizazi. Kamera ile ya vipimo 224 ikipitishwa hapo saa sita mchana, bila wingu hata moja, mistari yake yote itashuka kwenye buluu, itashuka kwenye nyekundu, na ikifika 700 itapanda ghafla: majani, majani, majani.